Kadi ya Picha Niliyosema Ninayo

Jumamosi, 3 Mei
Mjomba kaja kuniharibia siku. Eti kompyuta ya kuunda nyumbani ni ndoto, ninunue laptop ya mtumba nimalize. Mama kamjibu: "Wewe si ndiye uliyeuziwa mbuzi kwenye gunia, simu isiyo na betri?" Dada kacheka hadi chai ikampalia. Lakini Mjomba alipotoka kanigeukia: "Haya, fundi. Tutaona."
Tutaona! Mimi nataka tu katuni ninazochora zitembee. Simu ya Mama inaganda kabla hazijapiga hatua.

Jumatatu, 5 Mei
Nimechoka kuchagua. Prosesa niliyoipenda haikai kwenye mazabodi, ule ubao wa kuchomekea kila kitu, ninayoimudu. Mazabodi ninayoimudu haitaki memori ya bei nafuu. Ni kama kupanga viti vya ndugu waliogombana. Feni za rangi nimezifuta. Kasha la kioo pia — Baba kasikitika, yeye hufunga vioo vya madirisha, alitaka kukikata mwenyewe.

Jumatano, 7 Mei
Nimenunua! Muuzaji mdomo wake kama cherehani. "Mdogo wangu, prosesa hii imeshuka bei, wahi." Mara: "Kadi ya picha unayo, eh?" Nyuma yangu foleni, mtu anagongagonga kaunta kwa sarafu. Nikaitikia kwa kichwa. Kauliza tena.
"Ninayo."
Sina! Hata sikujua kwa nini anauliza. Nilitaka tu aache kunitazama.

Alhamisi, 8 Mei
Sasa najua. Prosesa ile ni rahisi kwa sababu haitoi picha yenyewe. Bila kadi, skrini giza. Na kadi ni ghali kuliko vyote nilivyobeba.
Risiti inasema wanabadilisha, mradi boksi halijafunguliwa. Stika bado ipo. Afadhali. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo: "Samahani kaka, nilikosea." Kwa lugha ya nyumbani, kisha ya shule. Kwa zote mbili naishia kwenye "kaka".

Ijumaa, 9 Mei
Nimefika mlangoni pa duka. Ndani kuna wavulana wa darasa letu. Nikapita kama ninayekwenda kwingine. Nikarudi, bado wapo. Nyumbani nimesema nilikuwa maktaba.

Jumamosi, 10 Mei
Nilikuwa nafunga viatu niende dukani. Baba kaingia — kaomba ruhusa kazini! "Leo tunaunda!" Kanawa hadi viwiko kama daktari. Mama katandika shuka mezani.
"Baba, ngoja..."
"Nini?"
"Hamna kitu."
Kisu kikapita kwenye stika.
Kaunda kwa adabu, kila skrubu anainong'oneza. Memori ikagoma kuingia. Nikamwambia abonyeze kwa nguvu. Kra! Ndivyo inavyolia, nimeona kwenye video. Yeye akaruka kama kapasua kioo cha mteja.
Tukawasha. Feni zikazunguka, Mama akapiga vigelegele. Skrini giza.
Baba akatazama vidole vyake. Kasema miaka yote hiyo hajawahi kuvunja kioo mkononi, leo kavunja hiki cha mwanawe.
Nimekula, nimeosha vyombo, sikusema kitu!

Jumapili, 11 Mei
Kupitia ukuta nimemsikia Baba akimwambia Mama: atachukua kazi ya vioo kwenye ghorofa jipya, Jumapili zote, tupate mazabodi nyingine. Jumapili! Siku yake pekee ya kulala. Mama kasema, "Baba watoto, mgongo wako je?" Kajibu mgongo utazoea.
Kisha Mjomba kapiga simu. Kauliza, imewaka? Baba, kwa sauti kubwa kabisa: "Mtoto kafanya kila kitu sawasawa. Ni mimi nimeiua."
Sasa anakwenda dukani kumweleza muuzaji jinsi alivyobonyeza. Cha kwanza ataulizwa kadi ya picha iko wapi.
Kaniomba risiti. Ninayo, imelowa jasho. Kaita tena, taratibu — laiti angenifokea! Nimejifungia humu chumbani, naandika badala ya kufungua.
Nimesema, "Baba."
"Naam, mama."
"Usiende kwanza."
Naona viatu vyake chini ya mlango, havisogei. Anauliza kwa nini. Nimeshasema mazabodi haina kosa. Anauliza, sasa kosa la nani, na mimi naweka kalamu nimfungulie, nimwambie ni langu.