Mjusi wa mkia wa bluu

Mpenzi Mwamini, mdogo wangu,

Kindu inakusalimu. Mvua haijakatika tangu Jumatatu, na shangazi Zaina ananishindilia sombe, yale majani ya muhogo, na samaki wa mto Lualaba kama vile kwetu Bukavu hatuli.

Jana alinipeleka pori la upande wa Kailo, alikokimbia nawe wakati wa vita, ulipokuwa unalelewa kwake ukiwa na miaka miwili. Alitaka kunionyesha mjusi. Karibu na barabara miti mikubwa imekatwa, imebaki mihogo tu, na mjusi huyo haishi shambani. Anakaa juu, kwenye magome ya miti mirefu. Tulitembea kwa muda wa saa tatu. Kwenye mti mkavu uliobaki wima tukamwona: bapa, mistari ya manjano, mkia wa bluu. Akaruka, akaelea kama jani mpaka mti wa pili.

Shangazi akaanza kulia.

"Waasi walikuwa wanapita karibu, Mwamini analia. Wenzangu wakasema nimuache. Nikamuweka chini, nikaenda. Kisha nikasikia amenyamaza. Nikarudi mbio. Alikuwa anaangalia kamujusi kama haka, kanaruka, naye anacheka. Nikamubeba. Umuambie wewe, mimi ninashindwa."

Basi nimekuambia. Miaka hii yote amebeba zile hatua chache alizokwenda akikuacha. Nilimkumbatia, lakini anakungoja wewe, si mimi. Mpigie simu, mdogo wangu, umwite mama kama zamani.

Nakubusu wewe na watoto,
Dada yako Aziza