Mafuta ya Nazi Ndani ya Injini

Ijumaa, Kisarawe. Mawingu tangu asubuhi, na mvua hainyeshi.

Leo watu wamenipa pole kutwa nzima, na kila pole inanichoma.

Jana kabla ya alfajiri alifariki jirani yetu, Mzee Ramadhani. Binti yake, Mwanahawa, ameolewa Maneromango. Mdogo wa marehemu alitaka habari ipelekwe na lori la duka, nalo limrudishe Mwanahawa, auone uso wa baba yake kabla jeneza halijainuliwa. Mimi nikadakia: "Niachieni mimi, pikipiki itamfikisha upesi." Mtaa mzima mwenye pikipiki ni mimi peke yangu, basi nilitaka sifa. Wakakubali. Mazishi yakasogezwa mpaka Alasiri.

Pikipiki yenyewe ni kuukuu, niliinunua kwa Mzungu wa shamba la mkonge alipokuwa anarudi kwao. Nilipoitazama, oili ilikuwa karibu kwisha, na duka la Mhindi lilikuwa bado halijafunguliwa. Nikachukua chupa ya mafuta ya nazi jikoni. Mke wangu akashangaa: "Baba Zuhura, hayo ni ya nywele na ya kupikia!" Nikamjibu kwamba mafuta ni mafuta, nikayamimina yote.

Kwenda nilifika. Mwanahawa akapanda nyuma, akalia njia nzima huku amenishika shati. Tulipobakiza kama maili sita injini ikaanza kugonga, ukatoka moshi wenye harufu ya jikoni, halafu ikakakamaa. Nikakanyaga kiki, haishuki hata kidogo.

Tukatembea. Hakuna gari lililopita. Mwanahawa alivua viatu ili aende haraka, na mimi nilikuwa nyuma yake.

Tulipofika, wanaume walikuwa wamekwisha kurudi kutoka makaburini, wananawa mikono uani. Aliingia moja kwa moja chumbani kwa baba yake, akakuta kitanda kitupu. Kile kilio sitakisahau.

Walikuwa wamemngoja kadiri walivyoweza.

Baba yake mdogo aliponiuliza, nilisema pikipiki ni ya zamani, imenifia njiani. Ile chupa sikuitaja. Mke wangu alinisikia, akanitazama, kisha akaenda kuwasaidia wenzake kupika.

Naona aibu hata kuandika haya.

Leo baada ya swala, Mwanahawa ameniletea mwenyewe sahani ya chakula barazani. "Kula, kaka Idi," akasema, "jana ulihangaika sana kwa ajili yangu. Mungu akulipe."

Nimekula. Nimemaliza sahani nzima.

Kesho kabla ya hitima nitamwita yeye na baba yake mdogo, niwaeleze nilichokimimina. Wakinifukuza, ni haki yao. Nikingoja mpaka matanga yaishe, atarudi Maneromango akiniombea dua.