Mia na Kumi na Wawili wa Kabati la Chini

Jumatatu, 4 Machi
Rasimu ya sera ya afya ya akili imekamilika, na jedwali la ukurasa wa tisa ni langu! Mimi, niliyejifunza takwimu kwenye simu. Mkurugenzi kanipiga bega: wagonjwa mia na kumi na wawili wamepona, sasa vitanda vya wodi ya akili vitapunguzwa, kutoka arobaini hadi kumi na viwili. Kamati ya kuipitisha inakaa Alhamisi. Nimerudi nyumbani kwa miguu, sikuona hata njia.

Jumanne, 5 Machi
Nimepiga simu kliniki kuuliza tarehe moja tu. Nesi mkuu akacheka. Wamepona nani, mwanangu? Kumbe rafu ikijaa, faili la asiyekuja miezi mitatu wanalifunga kamba, wanalitupia kabati la chini — humo humo na ya waliopona. Nami nilihesabu kabati zima.
Nimekwenda kufungua kamba mwenyewe. Waliopona kweli: kumi na tisa.
Faili la mjomba limo. Mjomba! Tunakaa naye nyumba moja. Dawa ziliisha kliniki tangu Novemba, akachoka kwenda bure. Nilimhesabu bila kusoma jina.

Jumatano, 6 Machi
Mkurugenzi kasikiliza, mlango umefungwa. Nakala zimeshachapwa, kasema. Tutarekebisha awamu ijayo. Na vitanda, nimeuliza? Kapanga kalamu zake.
Nyumbani nimewaambia. Mama: kazi yenyewe ya juzi, leo unamsahihisha mkubwa wako? Mjomba akaweka kikombe chini. "Kwa hiyo nimepona. Mbona mlikaa kimya, ningeshaoa." Tumecheka wote. Halafu akaniuliza, taratibu — akizidiwa tena, kile kitanda chake cha dirishani, kule wodini, bado kitakuwepo?
Nimechukua kikombe chake, nikaenda kukiosha.

Alhamisi, 7 Machi
Koridoni, mapumziko. Mwenyekiti wa kamati kauliza: mnajuaje hawa wamepona? Mkurugenzi, bila kupepesa macho: mtaalamu wetu wa takwimu atafafanua tukirudi.
Mtaalamu — hajawahi kuniita hivyo. Kaniletea chai kwa mkono wake. Kaninong'oneza: sema tu tulifuata mafaili.
Si uongo. Tuliyafuata kweli. Hapo ndipo panaponitisha, sentensi imenikaa mdomoni vizuri mno.
Nina karatasi yenye hesabu ya wale kumi na tisa mfukoni, imeanza kulowa jasho.
Wanaingia. Nimewekewa kiti cha mbele. Kipaza sauti kimeshawashwa, na mwenyekiti ananitazama. Naweka kalamu chini.