Kazi Niliyomwambia Daktari

Makadara, Nairobi
Jumatano, saa nane mchana

Kwa mpwa wangu Kioko, mwalimu wa darasa la nne,

Naanza na habari zenu, kwa sababu nikianza na zangu karatasi itajaa kabla sijawafikia. Mama yako anaendeleaje na lile goti? Pojo zimetoa maua au jua limezichoma tena? Na wewe, bado unafundisha watoto sitini peke yako? Mimi darasani kwetu tulikuwa mia na mwalimu mmoja, na nikatoka wa pili, ingawa nilisoma miaka minne tu. Hilo ni kweli, muulize mama yako.

Kioko, kaa chini usome barua hii peke yako kwanza. Halafu umsomee mama yako. Kuna wengine wa kusomewa, hao nitakutajia mbele, na hapo ndipo penye uzito.

Nilipasuliwa tumbo. Sasa ni wiki ya sita. Najua hamkusikia, maana nilimkataza kila mtu kuleta habari huko. Mke wangu Mbithe nilimtumia salamu kwamba nimeenda Mombasa kuwachongea wenye hoteli twiga watatu wa urefu wa mlango. Hakuna twiga. Nilikuwa nimelala wodini.

Ilianza asubuhi nikiwa kazini. Tumbo lilivimba likakaza, nikatapika maji ya kijani, miguu ikaniishia nguvu. Nzioka, yule wa Kangundo tunayekaa naye chumba kimoja, alinilaza kwenye mkokoteni wa kubebea magogo akanisukuma mpaka barabara kubwa tukapata gari. Hospitali wakasema utumbo umejisokota, na kipande chake kimekwisha kuwa cheusi, na nikingoja mpaka jioni basi nimekwisha. Daktari alikuwa kijana mwembamba mwenye miwani. Alinipasua kuanzia chini ya kifua mpaka chini ya kitovu, akakata kile kipande, akaunganisha kilichobaki. Watu wa wodi niliwaambia kilikuwa na urefu wa kamba ya kufungia ng'ombe, na kwamba madaktari sita walikuja kukitazama, na kwamba sikutoa hata chozi. Wewe nakwambia vile ilivyokuwa. Kilikuwa kama urefu wa mkono, na nililia, Kioko, nikamwita mama yangu ambaye amekufa siku nyingi.

Sasa sikiliza kosa nililofanya.

Ninyi huko nyumbani mnajua mimi ni meneja wa karakana ya vinyago, nina meza na simu. Nilisema hivyo ile Krismasi niliyokuja na koti la kijivu. Mwaka uliofuata nikarudia, na uliofuata, mpaka ikawa hata mimi nikifumba macho nakiona kiti changu. Siku ya kutolewa hospitali, daktari akaja na karatasi zake. Kitanda cha pili alikuwepo karani wa mahakama, mtu wa kusoma magazeti, amevaa pajama za mistari. Nikamwona amenitegea sikio.

Daktari akasema, "Mzee, unafanya kazi gani?"

"Mimi ni meneja."

"Unakaa ofisini?"

"Kwenye kiti cha kuzunguka."

"Hunyanyui vitu vizito?"

"Nanyanyua simu, daktari, na siku nyingine ni nzito kwa maneno yaliyomo."

Karani akacheka, daktari akacheka, mimi nikaukumbatia mto tumboni maana kucheka kulikuwa kama kupasuliwa upya. Daktari akaandika: wiki tatu za kupumzika, halafu arudi kazini. Akanipa mkono. Nilitoka pale najiona nimeshinda.

Ukweli wa kazi yangu ni huu, na ukifika hapa umsomee mama yako polepole. Sina meza. Ninakaa chini kwenye gunia, miguu nimenyoosha, gogo nimelibana kati ya nyayo na tumbo, na tezo, kile kishoka cha kuchongea, naipiga kuelekea kwangu. Kila pigo linaingia tumboni. Ndivyo tunavyochonga sote, ndivyo nilivyofanya miaka kumi na saba. Nalipwa kwa kipande kilichokwisha, na siku nisipochonga hakuna mtu anayenijua. Lakini kifaru wangu hana mwenzake Nairobi hii. Mzungu mmoja alimwita mke wake aje atazame matundu ya pua tu.

Wiki tatu zilipoisha nilikuwa sina unga. Jirani yetu, Bi Halima, ambaye mumewe ana duka la jumla la sukari, alikuwa ananiletea uji na supu tangu nitoke wodini. Na mtu hawezi kula kwa jirani kila siku. Asubuhi ile alinikuta nafunga kamba za viatu, nimeegemea ukuta.

"Mzee Mutiso, unakwenda wapi na uso huo?"

"Naenda kuwasimamia vijana tu, Bi Halima."

"Vijana wasimamiwe na Mungu leo. Wewe rudi ukalale."

Sikurudi. Nikafika karakana, nikakaa kwenye gunia langu, nikachukua gogo dogo kabisa, la paka wa kuwekwa mezani. Pigo la kwanza nilihisi kama mtu amenivuta kwa ndani. La pili nikauma meno. La tatu nikasikia joto linashuka. Nzioka alikuwa mbele yangu anampiga msasa ndovu wake. Akasimamisha mkono.

"Mutiso, umemwagikiwa na nini?"

Nikatazama shati, limelowa damu. Kioko, mimi mnanijua. Ndiye niliyewahadithia jinsi nilivyomfukuza chui na jembe. Pale nilishindwa hata kuinua shati nione. Niliona kitu kimoja tu akilini, utumbo wangu umemwagika kwenye vumbi la mbao, watu wananikusanya kwa mikono. Nikabaki nimeshika tumbo, sipumui, mpaka Nzioka akanifunga shuka kiunoni akanipeleka hospitali.

Safari hii nilikutana na muuguzi, mama mtu mzima, hana maneno mengi. Alifungua bandeji. Jeraha lilikuwa limeachana sehemu ya chini, nafasi ya vidole viwili. Akalisafisha. Kisha akanishika kiganja, akakigeuza, akapitisha kidole chake kwenye sugu.

"Hapa karatasi inasema meneja. Hizi sugu ni za ofisi gani?"

Nikamwambia ni za kalamu. Hakucheka. Alinitazama mpaka nikamweleza yote, gunia na gogo na tezo, na nilipoonyesha kwa mikono jinsi ninavyopiga akafumba macho.

"Mzee," akasema, "hii ya juu naiona, itafunga. Kuna iliyoshonwa ndani, na hiyo siioni mimi wala wewe. Daktari alikupa wiki tatu za mtu wa kuandika barua. Wewe unahitaji miezi mitatu, na usiinue hata debe la maji. Ukipiga hicho kitu kabla, utumbo utatokea papa hapa, na huenda usiwahi kufika kwetu."

Tangu siku hiyo naogopa, na sina haya kuiandika. Naogopa kukohoa. Chafya ikinijia nabana pua mpaka machozi yanatoka. Nikienda msalani napita nimeshika ukuta kama mtu aliye juu ya paa. Nikikaa peke yangu mchana Nzioka akiwa kazini, nasikiliza tumbo langu, na kila likinguruma nafikiri ndiyo hiyo.

Utauliza, na kile chama chetu cha watu wa kwetu hapa Nairobi, ambacho mimi mjomba wako ndiye mwenyekiti? Nitakwambia. Chama kipo na kina akiba. Lakini miaka mitatu iliyopita dereva mmoja wa lori alivunjika mguu akaja kuomba. Mimi nikasimama, nikashika ukosi wa koti, nikasema fedha hizi ni za kumrudisha mtu kwao akifa, si za kumnunulia mchuzi akiwa mzima. Watu wakapiga makofi. Katibu akaandika ikawa sheria, tukatia alama za vidole. Jumapili iliyopita nilimtuma Nzioka aniombee kwa kamati. Alirudi akakaa kitandani na kofia mkononi.

"Mwenyekiti, wamekataa. Wamenisomea maneno yako mwenyewe."

"Hata kidogo?"

"Wanasema wakikupa wewe, yule dereva atauliza. Lakini hawana ubaya, wamenituma nikuulize jambo kwa upole."

"Uniulize nini?"

"Kwenu, lile daraja la mtoni limetengenezwa, au gari lizunguke kwa juu?"

Nzioka ni mtu wa kuleta maneno kama alivyopewa. Nilimjibu kwamba daraja ni bovu, wazunguke. Baada ya hapo sikuweza kula.

Na yule dereva mwenyewe alikuja juzi. Anachechemea mpaka leo. Aliniletea machungwa manne, akauliza kama napata usingizi, akaondoka. Hakuligusa lile jambo hata kwa mbali. Ningefurahi kama angenitukana.

Basi, wa kusomewa barua hii ni hawa. Jumapili ibada ikiisha, umwombe mzee wa kanisa muda kidogo, usimame uisome. Yote, na kosa langu humo humo. Najua utataka kuruka yale ya meza na simu ili kunifunika. Usiruke. Nani atamchangia meneja? Watanuna waseme huyu anatukejeli. Watakumbuka pia harambee ya shule, nilipoahidi mabati ya chumba kizima nikapigiwa vigelegele, na nikaleta manane. Usijifanye umesahau, wao hawajasahau. Waambie nilikopa hata hayo manane. Halafu uwaambie akina mama wa mwethya, wale wanaolimiana mashamba kwa zamu, kwamba siombi kufanywa tajiri. Naomba kodi ya chumba na chakula cha miezi mitatu, nikae bila kugusa tezo mpaka ndani kufunge. Asiye na pesa atoe pojo, atoe unga, Nzioka atapika. Mwenye kutaka kucheka acheke, lakini akishamaliza atoe.

Mama yako asiuze mbuzi wa maziwa. Namjua, ataanza kumfungua kamba kabla hujamaliza kusoma. Mkataze.

Kwa Mbithe nenda mwenyewe kwa miguu kabla ya Jumapili, umwambie ana kwa ana. Sikumwandikia yeye kwa sababu hajui kusoma, na atakayemsomea ataifikisha sokoni kabla yake. Kwanza ataogopa, kisha atakasirika kwa ajili ya Mombasa. Akikasirika usinitetee. Akitaka kuja, aje. Ningependa aje.

Liko neno la mwisho. Mwenye karakana amesema gunia langu lina mtu analitaka, na nafasi haingoji. Nilimwahidi nitaonekana Jumatatu. Nzioka aliposikia alificha tezo yangu, lakini chumba ni kidogo na nimeuona mpini. Sikutishi, Kioko. Mimi ndiye ninayetishika. Nikiwa na unga ndani nitamwambia yule mtu achukue gunia, na nikipona nitatafuta lingine. Nikiwa sina, najijua, nitakwenda kukaa pale.

Nisalimie mama yako, dada yangu aliyenibeba mgongoni. Nisalimie kaka mkubwa na ng'ombe zake, mzee wa kanisa na mkewe, binamu yangu fundi wa baiskeli, na watoto wako wawili, uwaambie mjomba wa Nairobi bado anakumbuka majina yao. Mzee wa kijiji pia, ingawa hatupatani.

Barua hii Nzioka anampa kondakta wa basi la leo saa kumi, utaipata kufikia Ijumaa. Basi la kutoka huko Jumapili mchana linafika hapa jioni hiyo hiyo, na Nzioka atalingoja kituoni apokee mtakachotuma. Kwa hiyo una Jumapili moja tu.

Ni mimi mjomba wako,
Mutiso