Gari Langu, Ufunguo wa Shemeji

Jumatatu, 8 Machi 1999

Nimeamka alfajiri kwenda Kiriba kuchukua dagaa. Uani hakuna gari. Magesa tena.

Jana nilijaza mafuta. Lazima kuna mtu alimwambia. Huyu shemeji haji gari likiwa kavu, anakuja siku nimetoka kituo cha mafuta. Nilisikia alamu ya gari ikilia kwa rimoti nikiwa usingizini, nikadhani naota.

Nimekwenda kwa lori la mchanga, nimekaa juu ya mchanga wenyewe. Wanawake walioniwekea dagaa walichoka kuningoja, wengi wameuza kwa mtu wa Mwanza. Siwalaumu. Dagaa waliobaki nimerudi nao, mvua ikatukuta njiani. Dagaa wakiloa ni hasara. Nimewatandaza sebuleni. Nyumba yote inanuka.

Nina hasira. Sina neno lingine.

Jumanne, 9 Machi

Hajarudisha.

Naandika kwa sababu nikimwambia mtu nitapiga kelele. Gari nilinunua mimi, kwa dagaa. Kadi ya gari ina jina langu. Manyama mume wangu mwenyewe alikuwa anawaambiaga watu, hili ni la Esteria, mimi dereva tu. Aliweka alamu Mwanza, tukapewa rimoti mbili, yangu na yake. Alipofariki, Magesa mdogo wake alichukua ufunguo na rimoti mfukoni mwa suruali ya marehemu, pale pale wodini, kabla sijakabidhiwa nguo. Wazee wa Butiama aliwaambia kaka alimpa kwa mkono wake. Hakuna aliyeniuliza mimi.

Baada ya matanga wakasema anirithi. Nilikataa kwa adabu, nimepiga magoti mbele ya mama mkwe. Basi akaona kama amekosa mke, atapata gari.

Mimi nina ufunguo, yeye ana ufunguo. Anayeamka mapema ndiye mwenye gari.

Alhamisi, 11 Machi

Limerudi mchana. Tangi kavu. Nyuma kuna mavi ya mbuzi. Kiti kimesukumwa hadi mwisho, kwa ajili ya miguu yake mirefu. Nilipokirudisha mbele nilitamani kung'ata kitu.

Nimenunua mafuta kidogo kwenye dumu, nimelipeleka gari kwa fundi wa funguo pale mtaa wa Mukendo. Nilimweleza vizuri. Rimoti mpya, ile nyingine ifutwe isifanye kazi. Aliangalia kadi, akaangalia gari, akanirudishia kadi.

"Kadi naiona, mama. Lakini gari hili namwonaga nalo Bwana Magesa. Nikifuta rimoti yake, kesho ataniletea polisi. Njoo naye."

"Nije naye kumwomba ruhusa nimfungie gari langu?"

"Basi njoo na mwanaume yeyote wa nyumba hiyo."

Nilimwambia mwanaume wa nyumba hiyo yuko kaburini. Alishusha macho, akaendelea kupiga tupa ufunguo wa mtu mwingine.

Nimelia ndani ya gari, vioo nimepandisha. Siyo huzuni. Hasira nayo inatoa machozi, sikujua.

Ijumaa, 12 Machi

Magesa amekuja. Fundi amemwambia. Mji huu hauna siri, hasa ya mwanamke.

Hakukaa. "Shemeji, nasikia unatafuta kunifungia nje."

"Nafunga gari langu."

"La kaka. Jumapili nakuja na wazee tulichukue, likae Butiama moja kwa moja. Ulichagua kukaa peke yako. Kaa."

Alisema kwa sauti ya taratibu, kama mtu anayeongea na mgonjwa. Nilimpa maji ya kunywa. Alikunywa yote, akaweka kikombe chini badala ya kunipa mkononi. Nauchukia mkono wangu kwa kumpa maji.

Kabla ya kuondoka alichungulia geji ya mafuta, iko chini kabisa. Akaenda kupanda basi.

Jumamosi, 13 Machi

Bunda.

Nimetoka kabla watu hawajafagia mbele ya maduka. Nilimwaga kwenye tangi dumu jingine zima nililolificha ndani. Nimeendesha nimebana meno mpaka taya zinauma. Makutano, pale njia ya Butiama inapochepuka, nilikanyaga mafuta kama vile mtu ananifuata. Hakuna aliyenifuata. Ng'ombe tu.

Wanawake wanaonunua dagaa zangu Bunda ndio walionielekeza kwa fundi umeme wa magari, nyuma ya stendi. Mtu mnene, mchangamfu, anakula mihogo huku anafanya kazi. Anaitwa Joramu. Nilijiandaa kugombana. Nilimpa kadi na kitambulisho kabla hajaomba. Akasoma jina, akaniangalia, akasema, "Sawa, Esteria. Funguo ngapi ziko nje?"

"Mmoja. Wa shemeji."

"Nikifuta rimoti yake hairudi. Akiwa na shida ya kweli gari halitamsikia. Umefikiri?"

Nilisema nimefikiri. Kwa kweli sikuwa nimefikiri. Nilikuwa na hasira.

Alilala chini ya usukani, akatafuta kitufe kidogo cha alamu ambacho huwa wanakificha. Alikikuta nyuma ya fyuzi, kimefungwa utepe mweusi. Akawa anawasha swichi, anazima, anawasha, huku kidole kiko kwenye kitufe. Honi ikalia mara moja. "Sasa linasikiliza," akasema. Akanipa rimoti mpya nibonyeze mwenyewe. Taa zikawaka. Kisha ile yangu ya zamani. Zikawaka. "Haya. Linawajua nyinyi wawili tu." Wawili maana yake rimoti mbili. Zote zangu.

Nikamuuliza fundi mwingine akiikata alamu je. Akacheka, akasema ninawaza kama mwizi. Akang'oa swichi ya kuwashia, akaweka nyingine aliyotoa kwenye gari bovu, na funguo zake. Ufunguo wa Magesa utafungua mlango. Hautawasha kitu.

Kurudi nimeimba. Wimbo wa kanisani, lakini sikuuimba kwa utakatifu.

Jumapili, 14 Machi

Walikuja baada ya ibada. Magesa na wazee wawili wa ukoo, na viatu vyao vizuri. Nimeegesha gari kivulini, nikakaa kibarazani napara sato.

Alibonyeza rimoti. Kimya. Akaitingisha, akabonyeza tena. Akachomeka ufunguo mlangoni, ukafunguka, alamu ikaanza kulia mtaa mzima. Watu wakatoka. Akaingia, nikamwona anasukuma ufunguo kwenye swichi, anausukuma, mabega yanapanda. Haukuzunguka. Nilimwacha atoke jasho kidogo. Kisha nikabonyeza yangu, kukatulia.

"Umefanya nini?"

"Nimefunga gari langu. Nilikwambia Ijumaa."

Mzee mmoja alisema nimewadhalilisha. Nikamjibu kwamba kadi iko ndani, kama anataka kusoma nitamletea. Hakutaka. Magesa alisema siku nitakayokufa sitazikwa Butiama. Nikasema sawa.

Wameenda kwa miguu mpaka stendi.

Nilidhani nitafurahi. Nilifurahi kama dakika ya kupara samaki mmoja. Baadaye hasira ikarudi ilipokuwa. Kwa nini ilibidi nifanye hivi? Kwa nini kadi haikutosha?

Jumatano, 17 Machi

Leo mchana amekuja mama mmoja wa kanisani kwao Butiama. Mama mkwe anaumwa, hainuki tangu jana. Gari la kukodi halipatikani. Magesa ametuma ujumbe, naomba shemeji aje.

Nikajua ni mtego. Nifike, wanizingire, wachukue funguo. Nilimwambia yule mama hivyo hivyo usoni. Akanijibu, "Mimi nimemwona mgonjwa. Hayo mengine siyajui."

Nikakumbuka swali la Joramu. Nikawasha gari huku namtukana Magesa kwa Kijita, maana Kiswahili hakikutosha.

Haukuwa mtego. Homa kali, midomo imekauka, hapumui vizuri. Magesa alimbeba mwenyewe. Alifika kwenye gari akasimama, mama yake mikononi, hana la kufanya mpaka mimi nifungue. Nilifungua. Mama aliomba akae mbele. Magesa akapanda nyuma, pale alipopakiaga mbuzi.

Tukakaribia Makutano. Mama alikuwa anaangalia rimoti yangu ikining'inia kwenye ufunguo.

"Magesa, kaka yako alikupa ule ufunguo siku gani?"

Ikabidi arudie. Magesa akasema, "Pale hospitali, mama."

Sikupanga kusema. Nilisema. "Mama, Manyama alikuwa ameshafariki. Ulikuwa mfukoni."

Nilimtazama Magesa kwenye kioo. Angeweza kukana. Aligeuka dirishani.

"Ulimpekua kaka yako," mama alisema. Siyo kwa ukali. Kama mtu anayehakikisha amesikia vizuri. Kisha akafumba macho, na mimi nikaongeza mwendo.

Hospitali wamemlaza. Malaria, na damu pungufu. Magesa amejitolea damu. Nilipita wodini nikamwona amelala na mkono umenyooka, anatazama juu. Sikumsalimia. Bado namchukia. Nimemwachia uji wa mama na kijiko.

Jumanne, 23 Machi

Mama ametoka hospitali tangu juzi, yuko kwangu. Wazee walitaka arudishwe Butiama, wakae kikao kuhusu gari. Aliwajibu kwa mtu waliyemtuma kwamba kikao kije huku, yeye atakuwepo, na wamlete Magesa aeleze mwenyewe. Hawajaja.

Analala chumba changu. Hatujaongea habari za kurithiwa, wala siku ile niliyopiga magoti. Anakula kidogo. Jana aliomba furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kuchemsha, akala na ugali.

Magesa sijamsamehe. Sina haraka.

Leo nimepakia dagaa za Bunda. Mvua imekatika, uwanja umekauka. Mama alitoka na kigoda chake, akakaa karibu na ukuta kunitazama nafunga kamba. Nilipowasha akainua mkono nisubiri, akaja polepole mpaka dirishani.

"Nenda taratibu, mwanangu," akasema. "Asubuhi ng'ombe wanavukaga pale Makutano."

Nikasema ndiyo, mama. Nikaenda taratibu.