Mistari ya Ndege Juu ya Mashamba Yetu

Kagongwa, 9 Novemba 2024

Mwanangu Lusia,
Hujambo huko Geita? Sisi wazima, mama yako anakusalimu. Simu uliikata nikiwa bado naongea, basi nakuandikia. Nasema tena: ndege zinatufukuzia mvua. Wingu likijikusanya tu, ndege inapita na kuacha mstari mweupe, kesho yake jua kali. Mimi ni mwenyekiti wa kitongoji. Nimewaambia watu wasipande mpaka serikali itujibu malalamiko yetu kuhusu ndege hizo.
Baba yako, Maige

Geita, 15 Novemba

Baba, shikamoo.
Mimi mzima. Nilikata simu kwa hasira, nisamehe. Lakini baba, huu mwaka wa saba nafundisha jiografia! Ule mstari ni mvuke wa injini. Kule juu kuna baridi kali, mvuke unaganda kuwa barafu ndogondogo. Haufukuzi mvua, mvua imechelewa tu. Nakusihi, waache watu wapande. Msimu ukiwapita watakula nini?
Mwanao, Lusia

Kagongwa, 21 Novemba

Mwalimu Lusia,
Salamu. Nimekusomesha, leo unaniletea habari za barafu kwenye jua hili! Nilimsomea jirani yetu Nkwabi barua yako, akacheka mpaka akakohoa. Mimi nimeitazama mbingu hii miaka sitini, wewe umetazama ubao. Hatupandi.
Baba yako

Geita, 4 Desemba

Baba, shikamoo.
Nasikia huko imenyesha siku tatu mfululizo. Mmepanda? Nijibu, hata neno moja.
Mwanao, Lusia

Geita, 17 Desemba

Baba, shikamoo.
Barua yangu imefika, kondakta wa basi niliyempa kaniambia uliipokea kwa mkono wako. Nyamaza basi. Nimechoka.
Lusia

Kagongwa, 29 Desemba

Mwanangu,
Habari za siku nyingi. Nkwabi alipanda mara tu mvua ya kwanza iliponyesha, hakuniambia. Wengine walinisubiri mimi, wakachelewa; sasa wakinisalimia wanatazama chini. Kwangu sikupanda kitu. Aibu.
Jana nimekuta mahindi yamefika magotini kwenye shamba la mjomba wako. Kumbe mama yako aliyapanda peke yake.
Nikamuuliza, "Mbona hukusema?"
"Ungenikataza."
Nilitaka kupalilia, akaninyang'anya jembe. Anasema kwanza niwaombe radhi watu, mkutanoni, Jumamosi. Nimeongoza mikutano miaka kumi na moja, neno hilo sijawahi kulisema. Habari za ndege bado hujanishawishi, tutabishana. Ila Jumamosi njoo, ukae mbele, nikuone.
Baba yako