Wiki Mbili za Mjomba Jotham

Columbia Heights, 12 Novemba 2013

Mjomba Jotham mpendwa,

Habari za Champlin? Mgongo unaendeleaje na baridi hii? Mimi ni mzima, ila zamu za hospitali zinanimaliza.

Nina jambo. Kanisa letu lina magari mawili ya kupeleka wagonjwa kliniki, wengi wao wazee kutoka Kongo wasio na gari wala Kiingereza. Orodha ya nani achukuliwe saa ngapi huandikwa kwa mkono, na kila wiki ni ugomvi. Sasa nimejifunza lugha ya kompyuta ya Python kwenye kozi, nikaandika skripti, kijiprogramu cha mistari tisini kinachosoma fomu na kupanga safari zote. Inafanya kazi! Naomba uipitie, wewe ndiye fundi wetu. Usicheke.

Mpwa wako,
Makena


Champlin, 14 Novemba 2013

Makena mwanangu,

Mgongo ni ule ule, tunashukuru. Sikucheka. Nilishika kichwa.

Python ni ya kujaribu mambo ya dakika tano. Haikagui kitu mpaka programu iwe tayari kazini, ndipo ikwambie kuna shida, kama itakwambia. Mimi naandika programu za vifaa vya moyo vinavyokaa ndani ya kifua cha mtu. Huko tunatumia lugha za C na C++, ambako kompaila, ile programu inayoitafsiria mashine, husoma kila mstari kabla kazi haijaanza, na ikiona umechanganya vitu, kama maandishi na namba, inakataa katakata. Hawa ni wagonjwa, si mchezo. Acha niiandike upya inavyopaswa.

Nipe wiki mbili.

Mjomba wako,
Jotham


Columbia Heights, 20 Januari 2014

Mjomba,

Natumaini mmeamka salama na theluji yote hii. Wiki zako mbili zinakaribia kuwa kumi.

Kliniki imebadilisha fomu mara tatu. Kwangu hayo ni mabadiliko ya mistari miwili, nayafanya nikingoja basi. Kwako kila badiliko ni "ngoja kwanza nipange muundo upya." Nikiuliza itakuwa tayari lini, unanitumia kurasa nne kuhusu kumbukumbu ya kompyuta! Skripti niliiweka kando nikikungoja, tukarudi kuandika kwa mkono, na kuna mzee ameachwa mara mbili. Nimechoka kungojea kitu kisicho na kasoro. Leo nimeirudisha skripti yangu kazini.

Mpwa wako,
Makena


Champlin, 22 Januari 2014

Makena,

Habari za huko.

Umerudisha! Bila kuniuliza, bila majaribio! Unajua nimeandika mistari elfu tatu? Haya, endelea. Lakini ikiharibika usinipigie.

Mjomba wako,
Jotham


Columbia Heights, 7 Februari 2014

Mjomba,

Natumaini ninyi ni wazima. Huku si kuzuri. Sijakupigia, kama ulivyosema. Naandika.

Mama Mukandayisenga, mmoja wa wazee wetu wa kanisani, ni mgonjwa wa figo na husafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki. Wiki hii alibadilishiwa saa, na Alice, anayetusaidia kupokea wagonjwa, akaiingiza kwa fomu ya simu. Fomu hiyo huhifadhi saa kama maandishi, si namba. Python yangu, toleo la 2, ikalinganisha maandishi na namba bila hata kuguna, ikaweka maandishi mwisho. Mama wa saa kumi na mbili na robo asubuhi akawa nyuma ya watu wa saa nane mchana. Bwana Solomon, dereva, akafuata karatasi iliyotoka kwenye skripti kama ilivyo.

Jumatano Mama alikaa mlangoni kwa muda wa saa tatu nzima, amevaa koti. Alinipigia mara saba. Nilikuwa zamuni, simu imefungiwa kabatini. Nafasi yake kwenye mashine ikapita.

Jana nimeingia kazini nikamkuta wodini kwangu, mapafu yamejaa maji, anapumua kwa oksijeni. Nikambadilishia shuka. Akanishukuru, Mjomba. Hajui kwamba kosa ni langu.

Ulisema. Haya, furahi.

Makena


Champlin, 9 Februari 2014

Makena mwanangu,

Pole sana. Umelala? Umekula?

Sina la kufurahia. Nilichukua orodha ya Jumatano nikaipitisha kwenye programu yangu. Ilikataa ile saa ya maandishi papo hapo, nikapiga meza kwa furaha kama mjinga. Halafu nikaona imekataa orodha yote. Siku hiyo hakuna mgonjwa hata mmoja ambaye angechukuliwa.

Skripti yako ilihitaji mistari minne ya kukagua saa. Minne! Ningekuonyesha Novemba, kwa simu, chai ikiwa bado moto. Nimekutumia mistari hiyo. Fomu zinabadilika kila wiki, ziache kwa Python. Ila siku kanisa likipata gari la tatu, kutafuta njia fupi kati ya nyumba zote kutakuwa kazi nzito. Nimejaribu: skripti yako ilichukua dakika arobaini, kipande changu cha C++ sekunde tatu. Hicho kimoja nitakupa, skripti yako ikiite inapokihitaji. Mistari mingine yote nimefuta.

Leo baada ya ibada nilikwenda kumwona Mama. Akaniuliza, "Ni weye uliandika ile karatasi ilinisahau?"

Nikasema ndiyo, ni mimi.

Mjomba wako,
Jotham


Columbia Heights, 12 Februari 2014

Mjomba,

Habari za kazi? Nimelala, nimekula.

Nani alikutuma kumdanganya mgonjwa? Leo nimekusanya nguvu, nikaenda kitandani kwake kukiri. Akanitazama weee, kisha akasema, "Mujomba yako alishasema ni yeye. Sasa na weye unasema ni weye. Mupatane kwanza, halafu mutarudi." Akageukia ukutani. Nikabaki nimesimama na beseni mkononi. Nikamweleza yote hivyo hivyo, mgongo wake ukinisikiliza. Nilipomaliza akauliza kitu kimoja tu: Jumatatu nani atakuja kumchukua?

Ijumaa anarudi nyumbani. Jumatatu ni siku yake ya mashine. Skripti imemweka wa kwanza, na nimeihakiki kwa macho yangu mara mbili. Ila Bwana Solomon ana homa, hawezi kuendesha.

Nimemwambia Mama utakuja wewe. Saa kumi na mbili na robo, Mjomba. Ukichelewa, utamweleza mwenyewe.

Mpwa wako,
Makena